Malalamiko Kuhusu Kiwanja cha Baba na Magoti ya Mama

Shauri Moyo, Nairobi

Kwako Kaka Mbithi, mwangalizi wa boma letu huko Makueni,

Natumai u mzima. Mimi pia ni mzima, ila nimeudhika, na kwa heshima zote nakuomba uisome barua hii ukiwa umeketi.

Unajua binti yangu Kavata aliacha kazi ya ukarani ili acheze dansi. Alikuwa akifanya mazoezi na wenzake hapa mbele ya mlango wangu, nikawafukuza. Nia yangu ilikuwa waache kucheza, si wahamie kwako. Wewe ukawapa kiwanja ambacho marehemu Baba alikuwa akipuria mtama, eti wajenge kijiji cha wasanii. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umewadekeza. Nilitarajia njaa na mbu viwarudishe mjini mapema. Badala yake akina mama wa mwethya, wale wanaolimiana mashamba kwa zamu, waliwaambia kwamba asiyechimba matuta hali, nao wakachimba. Sasa asubuhi wanachimba pamoja na jioni wanacheza pamoja. Huo si ushirikiano, ni njama.

2. Mama. Miaka yote nikimpigia simu tulizungumza juu ya magoti yake, na yalikuwa mazungumzo mazuri. Juzi simu ilipokewa na msichana nisiyemjua, akaniambia, "Shosho ako mazoezi, mzee. Jaribu baadaye." Dawa ya kuchua niliyomtumia imerudi haijafunguliwa. Sasa mimi na Mama tuzungumze nini?

3. Zedekiah, mzee wa kanisa tuliyemtuma huko akawakemee, hajarudi. Nasikia ndiye anayewahesabia mapigo.

4. Hili limeniuma zaidi. Katika boma la Baba, aliyekuwa fundi wa ngoma kabla ya kuokoka, watu wanacheza kwa kupigiwa mtungi wa plastiki wa maji.

5. Hapa kumekuwa kimya. Jirani yangu Triza, aliyekuwa wa kwanza kulalamikia kelele zao, jana aliniambia, "Baba Kavata, hii kimya ya kwako inaninyima usingizi." Nina hamu na binti yangu, Kaka. Tangu aondoke hajanipigia, nami nimeapa sitakanyaga huko mpaka arudi.

Kwa hiyo nadai uwafukuze wote. Kavata arudi, Zedekiah arudi, na Mama arudishiwe magoti yake.

Nisalimie shemeji, watoto na majirani wote. Mama pia, akipata nafasi.

Ni mimi mdogo wako mwenye uchungu,
Kimanzi, mchonga vinyago

Tanbihi: Baba alipookoka hakuichoma ile ngoma yake kama alivyotangaza kanisani. Alinipa mimi niifiche, na ilikaa chini ya kitanda changu hadi juma lililopita. Ngozi ilikuwa imepasuka. Muuza nyama mmoja wa soko la Burma amenipa ngozi ya mbuzi, nimeiwamba, na sasa inakauka juani huku Triza akiifukuzia paka. Ikikauka naileta mwenyewe. Mwambie Kavata asimpe mtu mwingine nafasi ya mpigaji.