Karatasi za Pinki za Sayari Isiyolala

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Sina wivu. Naliandika hili mapema ili lijulikane.

Leo nimeanza majaribio kwenye kampuni ya filamu. Wanaitengeneza upya ile ya zamani, Sayari Isiyolala, ambayo kila mtu anaipenda na kila mtu anajua imejaa mashimo. Shimo ni pale hadithi inapojikanyaga. Kapteni anasahau kofia yake ya hewa kwenye kimondo, halafu punde tu anapiga mluzi nje ya chombo cha anga! Kazi yetu ni kuyaziba. Mwongozaji, ambaye wote humwita Kata kwa sababu husema "Kata!" hata akiletewa chakula, ametangaza kwamba Jumamosi atachagua msaidizi wa hadithi. Mmoja tu. Nisipokuwa mimi, Mama ameshaamua: dukani kwa Mjomba, kuuza mabomba ya maji.

Nikaingia chumba cha mkutano. Nani kakaa dirishani? Kiranja! Kiranja wetu wa darasa. Alinifunika miaka yote ya shule, sasa kanifuata mpaka huku. Viatu vipya. Sauti ileile kama ya redio. Akaniita "mdogo wangu" mbele za watu. Kanizidi miezi mitatu!

Shimo la kofia nilikuwa nalo tayari mdomoni. Kata akauliza nani ana la kusema. Nikasimama. Macho yote kwangu. Nikauliza nani anataka sukari.

Kiranja akalisema yeye. Makofi. Akaongeza kwamba hata mwenzake ameliona, akanionyesha kwa kidole. Wakati huo nilikuwa chini ya meza naokota kijiko. Kujipendekeza huko!

Jumanne, tarehe 4

Nimepewa kazi ya karatasi. Muswada wa kwanza ni mweupe. Ukurasa ukibadilishwa, mpya huchapwa kwenye karatasi ya pinki, na mimi ndiye ninayetoa mweupe na kupachika wa pinki kwenye nakala za watu wote. Hakuna anayeuliza. Pinki ikifika, pinki ndiyo sheria. Waandishi wako watatu na hawasemeshani, kwa hiyo kila mmoja hudhani ukurasa umetoka kwa mwenzake.

Hapo akili ikanifunguka. Kwa nini nihangaike na mashimo ambayo Kiranja naye anayaona? Nichimbe la kwangu! Waandishi walipokwenda kula, nikachapa ukurasa wangu wa pinki, nikamuua daktari wa chombo. Mlipuko, kwisha habari yake. Kurasa za mbele bado yupo, kakunja nne, anakunywa chai. Kesho nitalifichua mwenyewe. Wataona nina jicho kali.

Jioni nikafanya mazoezi mbele ya kioo: "Samahani, mbona marehemu anakunywa chai?" Mama akagonga mlango akauliza nani kafariki.

Jumatano, tarehe 5

Nilisimama! Nikasema, "Daktari..." Ulimi ukafa ganzi. Kata akauliza kama naumwa. Mshona mavazi akaniletea maji.

Kiranja akafunua kurasa taratibu. Akasema jamani, daktari si amekufa? Mbona huyu hapa? Vipi kama anayerudi si yeye? Chombo kimeona watu wake wanalia, kikawatengenezea mwingine. Kafanana naye kila kitu, ila hapulizi chai yake. Hajui kwamba inaunguza.

Kata akavua miwani. "Kata! Hapo hapo! Asiguse mtu!" Mshona mavazi akajifuta macho kwa kipande cha suruali ya kapteni.

Wamemnunulia Kiranja soda. Akanimiminia nusu. Nikainywa kwa hasira. Ilikuwa ya baridi na tamu, lakini hasira ilikuwepo.

Alhamisi, tarehe 6

Leo sikucheza. Nimemaliza mafuta yote ya chombo katikati ya safari. Tone halikubaki. Na mwisho wa filamu wanashuka nyumbani wakipunga mikono! Nikajisemea, haya, tuone atatokea wapi. Nikapachika pinki huku naimba.

Kiranja akatazama dari. Akasema basi hawakufika. Chombo kinawaonyesha nyumbani kwenye madirisha: mtaa wao, mama zao mlangoni, kila siku karibu kidogo, ili wasikate tamaa. Kapteni peke yake ndiye anayejua. Na bado anapunga mkono, kwa sababu wengine wanamtazama.

Kata akalia. Mtu mzima na ndevu zake! Mimi machozi yalinitoka pia, lakini hilo ni vumbi la printa.

Alipomaliza kupenga kamasi akauliza: nani anaandika karatasi hizi? Waandishi wote watatu wakakana. Kata akagonga meza. Lazima amjue mtu huyo kabla ya kesho kutwa! Kiranja akanitazama. Nikalitazama zulia.

Ijumaa, tarehe 7

Kiranja kanifuata chumba cha printa, kafunga mlango.

"Mdogo wangu, ni wewe, siyo?"

Nikakana. Akasema niende tu kwa Kata nimwambie, kwa sababu yeye anaeleza tu, ila aliyeandika ndiye anayetafutwa. Anayetafutwa! Nimesikia vizuri. Anataka nikajisalimishe kwa miguu yangu, nifukuzwe, yeye abaki na kiti. Nikamwambia ni printa, huwa inasumbua.

"Printa imemuua daktari?"

Nikasema ni ya zamani sana. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka akasema, "Haya bwana. Ila usije ukanilaumu." Vitisho!

Alipoondoka nikachukua nakala ya Kata, nikaandika jina la Kiranja pembeni mwa kila ukurasa wa pinki. Kwa mwandiko wake, ule wa kujidai wenye mikia. Miaka yote ya shule nilinakili madaftari yake, naujua kuliko yeye mwenyewe. Kesho atakayetafutwa, atapatikana. Naenda kulala kama mtoto mchanga.

Jumamosi, tarehe 8

Kata alisimama juu ya kiti. Akasema karatasi za pinki zimeiokoa filamu, na aliyeziandika ndiye msaidizi wake wa hadithi, kuanzia leo. Akafungua nakala yake. Akasoma jina.

Nilikuwa nimeshakaa, lakini nikakaa tena.

Kiranja akaruka. Si yeye! Akaapa. Kata akasema, mnaona, na unyenyekevu anao! Kiranja akanishika mkono akaninyanyua. "Ni huyu hapa! Muulizeni! Sema basi, mdogo wangu, sema!"

Kata akashuka kitini, akaniinamia. Akaniuliza kwa upole, "Ni wewe, binti?" Neno lenyewe lilikuwa moja tu. Lilikuwa hapo hapo, nyuma ya meno.

Nikamuuliza anataka vijiko vingapi vya sukari.

"Viwili," akasema, akarudi kumpongeza Kiranja.

Jumatatu, tarehe 10

Duka la Mjomba. Nimewaza sana, na kosa lote ni la Kiranja. Angenieleza wazi siku ile ya Ijumaa, haya yasingetokea. Jana kaja mpaka nyumbani, eti ataongea na Kata nikafanye naye kazi. Nimsaidie yeye! Nikamjibu nimebanwa na mabomba. Mama akaniangalia vibaya, akamfungia Kiranja maandazi mangapi sijui, yote.

Hapa yupo Binamu. Mjomba hachoki kumsifu: mtoto huyu anajua kila bomba lilipo hata umfumbe macho! Nilipoangusha boksi la viungio, Binamu akatabasamu. Akanisaidia kuviokota, lakini kwanza akatabasamu.

Sina wivu. Ila nimegundua vibandiko vya vipimo kwenye rafu vinabanduka kirahisi. Kesho wakienda kula nitavihamisha vichache. Halafu nitasimama katikati ya duka na kulifichua kosa kwa sauti, wateja wote wakisikia.

Nimeshaanza mazoezi kwenye kioo. Mama kagonga mlango anauliza bomba gani limepasuka.