Pointi za Marehemu Yure

Jumatatu, 4 Juni 1956

Leo Mungu amenikumbuka! Bwana Ante anatafuta mtu wa kumtangazia pointi. Si za mpira wa miguu. Ni mchezo wa kwao: kinarushwa kijitufe kidogo, kisha kila mchezaji anarusha matufe manne makubwa ya mti, na aliyekikaribia zaidi anapata pointi. Wa kwanza kufika kumi na tatu kashinda. Anacheza kila siku saa kumi na moja jioni, uani, kwenye mikaratusi, akishindana na mdogo wake Yure. Yure alifariki mwaka juzi. Kaburi lake liko hatua sita tu kutoka hapo.

Shamba zima la pareto wameikataa kazi hiyo. Mimi nimeikubali kabla Bwana hajamaliza kusema. Nafasi ya unyapara iko wazi tangu Mika aondoke, na Liberatus, mpishi, ameshaanza kutembea mikono nyuma. Mimi Asukile, mtu wa Mbalizi, niliyefika darasa la sita, niamrishwe na mpika supu huku Kilolo? Haiwezekani!

Sharti ni moja. Pointi zitangazwe kwa Kikroatia, maana marehemu hakuwahi kujifunza Kiswahili. (Nilisema mimi Kigiriki nakijua kidogo. Bwana Ante akanitazama vibaya sana. Kumbe si Mgiriki. Nisirudie.)

Jumanne, 5 Juni

Masomo. Yedan, dva, tri, chetiri, pet. Sifuri ni nula. Sare ni neriyesheno, neno la kuvunja meno. Unaanza na anayeongoza: “Vodi Ante.” Kisha pointi: “tri naprema dva,” yaani tatu kwa mbili. Kumi na tatu ni trinaest, na hapo mchezo umekwisha. Rahisi! Nimefanya mazoezi kwa sauti shambani. Akina mama wanaochuma pareto wamehamia mstari mwingine.

Jioni niliogopa bure. Bwana Ante anarusha yote mwenyewe: mekundu yake kwa mkono wa kulia, meusi ya Yure kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa Yure alikuwa mtu wa mashoto. Kinachoshangaza ni kwamba mkono wa kushoto una shabaha zaidi. Trinaest naprema osam, kumi na tatu kwa nane, kashinda marehemu. Bwana Ante akaingia ndani bila kuaga.

Nimepata akili. Mtu anayeshindwa na maiti kila jioni, moyo wa kugawa vyeo ataupata wapi?

Jumatano, 6 Juni

Nimemwibia marehemu pointi mbili. Ukungu ulikuwa mzito, Bwana Ante haoni mbali, na anayeinama kupima kwa kijiti ni mimi. Vodi Ante! Trinaest naprema dvanaest, kumi na tatu kwa kumi na mbili! Alicheka, akanishika bega, akasema tangu amzike mdogo wake hajawahi kumfunga. Kisha akauliza mara mbili kama nimepima vizuri. Nikaapa.

Liberatus akanivuta jikoni. Ati nisichezee hesabu za mtu aliyelala. Ati Mika naye alikuwa mtangaza pointi, na hakuna aliyemwona kituoni Ipogolo akipanda basi, na baiskeli yake mpaka leo iko ghalani. Wivu tu.

Alhamisi, 7 Juni

Asubuhi nimekuta matufe mawili meusi mlangoni kwangu, yamelowa umande. Mawili! Nikajua ni Liberatus. Nikayapeleka kwenye sanduku la matufe, nikakuta limefungwa kwa kufuli, na ufunguo hautoki shingoni mwa Bwana Ante. Nikayaacha juu ya kifuniko. Sikutaka kufikiri zaidi.

Jioni nikaiba tatu.

Ijumaa, 8 Juni

Matatu. Ndani, chini ya kitanda, yamepangwa mstari. Na komeo la mlango nilikuwa nimelifunga mwenyewe! Naandika wazi: nimeogopa. Nimesali kwa Kinyakyusa, jambo ninalofanya nikiugua tu.

Bwana Ante ana mafua, hakutoka. Saa kumi na moja nikaenda uani peke yangu, ili aone dirishani nilivyo mtiifu. Hapakuwa na mtu. Nikasikia tufe likianguka kwenye changarawe. Kisha jingine. Kisha sauti ya mwanamume, ya upole, kama mwalimu anayesomesha imla: “Vodi Yure. Pet naprema nula.”

Tano! Mbili za Jumatano, tatu za jana. Anazo zote.

Nilikimbia, sikatai. Ila hata nikikimbia niligundua kwamba hiyo “pet” nimekuwa nikiitamka vibaya.

Jumamosi, 9 Juni

Nimeungama kwa Bwana Ante. Si yote. Nimesema huenda kijiti kilikuwa kibovu.

Hakufoka. Machozi yalimlengalenga. Akasema Yure alishamweleza. Akasema yeye amechoka kurusha kwa mikono miwili, na Yure amejichagulia mtu wa kucheza upande wake. Ni mimi. Kesho nihamie kibanda cha kule mikaratusini, ng'ambo ya kaburi. Nikauliza kuhusu unyapara. Akajibu kwamba huko, sawa, nitakuwa nyapara.

NYAPARA!

Nikauliza nitasimamia watu wangapi. Akasema kwa sasa wawili, na mmoja wao baiskeli yake iko ghalani.

Jumapili, 10 Juni

Nimehama. Liberatus amenibebea godoro bila kuombwa. Akaniuliza jina la mama yangu, na nyumba yetu iko upande gani wa Mbalizi. Kisha akalia. Sikujua wivu unaweza kumliza mtu mzima. Nikampigapiga mgongoni, nikamwambia nitamkumbuka.

Kibanda ni kizuri, ila baridi inapanda kutoka chini. Matufe manne meusi nimeyakuta kitandani, yana joto, kama yametoka kushikwa sasa hivi. Yananikaa vyema mkono wa kushoto. Na mimi si mtu wa mashoto.

Nimekaa nikapima mambo yote. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilimwibia asiyeibika. Bwana Ante haoni, na mafua yake yamezidi. Kuanzia kesho namwibia yeye, mbili mbili, taratibu, asishtuke. Yure akiridhika ataniongezea watu.

Nimeshampendekeza Liberatus.