Kasha la Karne ya Kumi na Nusu

Redio alikuwa ameegemea pikipiki yake mwanzoni mwa mtaa wa mafundi, mfuko mtupu, alipomwona mgeni anapiga picha ukungu ukutani. Siyo mlango wa nakshi. Ukungu! Jamaa akachuchumaa, akaupiga tena kutoka ubavuni. Redio akawaza: mtu anayehangaikia ukungu bure, akiuziwa na historia yake si atalia kwa furaha?

"Hilo doa, kaka," akasema, sauti ameilainisha kama anatoa pole msibani, "ni machozi ya mke wa tajiri."

Walimwita Redio kwa sababu alikuwa hazimiki. Mpaka wanafika katikati ya mtaa, tajiri alishapata kasha la dhahabu, kasha likafichwa, ufunguo ukapotea. Lini? "Karne ya kumi na nusu," Redio akajibu bila kupepesa. Karne haina nusu, sawa, lakini yeye aliona kumi kavu kavu haina uzito.

Mwisho wa ziara akamvuta mgeni pembeni, akachungulia huku na huku, akamwuzia ufunguo wenyewe. Kesho yake akamwuzia mgeni mwingine. Ufunguo wenyewe ulikuwa hauishi, maana kila siku aliokota mwingine kwenye chuma chakavu cha fundi bati.

Wageni wakafurika. Ila wakishanunua ufunguo, pesa imekwisha. Mama Makasha, mchongaji, anawakaribisha dukani kwake, wanapita tu. Fundi bati anagonga masufuria, wanampiga picha, hawanunui hata kifuniko.

"Redio mwanangu," Mama Makasha akamwambia, "sisi tutakula nini? Tupe basi na sisi mgao."

"Mama, nyie ni mandhari. Mandhari haiombi mgao."

Akawasha pikipiki. Fundi viatu akamkimbilia na sindano ya kushonea mkononi. "Na viatu vyako ulivyoniletea nishone je? Vinanijazia kibanda!"

"Kesho, mjomba!" Kesho hiyo ilikuwa na ndevu sasa. Mwenye pikipiki viatu vya nini? Ndala zinatosha.

Basi asubuhi moja fundi viatu akamshika mkono, uso umemkauka. "Usimwambie mtu. Mama Makasha kavunja ukuta wa stoo yake. Kuna kasha."

Redio akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mjomba, hiyo hadithi nimeitunga mimi!"

"Haya. Njoo uone ulichokitunga."

Stoo ilikuwa na giza na harufu ya moshi. Katikati, kasha jeusi, udongo umejaa kwenye nakshi, kufuli kubwa kama kichwa cha mbuzi. Redio bado anatabasamu. Fundi bati akaliinua upande mmoja, jasho likimtoka, akamulika chini kwa tochi. Maneno yamechongwa: KARNE YA KUMI NA NUSU.

Tabasamu likaisha.

Duniani kote ni mtu mmoja tu anayehesabu karne kwa nusu, na huyo mtu alikuwa amesimama hapo hapo. "Mungu wangu," akanong'ona. "Kumbe nilikuwa sidanganyi. Nilikuwa naoteshwa!"

"Kesho tunalipeleka serikalini," Mama Makasha akasema. "Sisi waoga, mwanangu."

"Serikalini? Mama, watakupa asante! Nipeni mimi. Chukueni..." Akatazama nje. Pikipiki ilikuwa inang'aa juani, ndiyo mali yake pekee. "Chukueni pikipiki."

Wakatazamana kama watu walioonewa.

"Na kofia yake," fundi bati akasema.

Redio akatoa na kofia. Akalisukuma kasha kwa mkokoteni mpaka chumbani kwake, akafunga mlango, akaziba dirisha kwa shuka. Ufunguo hana, funguo zote ameshaziuza. Akapiga kufuli nyundo mpaka likakubali.

Ndani mlikuwa na mawe. Juu ya mawe, viatu vyake. Vimepigwa rangi, vimetiwa soli mpya, nene, za mtu wa kutembea sana.

Alirudi mtaani kwa miguu, anafoka peke yake njia nzima. Akakuta kundi la wageni, fundi viatu mbele yao, kifua nje.

"Kasha tulilichonga wenyewe," alikuwa anaeleza, "tukalivukiza moshi, tukalisugulia udongo. Kama yale pale dukani kwa Mama, mkitaka yapo. Na tapeli aliyelinunua... ahaa! Mabibi na mabwana, huyo hapo anakuja, na viatu vyenyewe!"

Kamera zikamgeukia. Wengine wakachuchumaa wapate soli vizuri. Nyuma yao wengine walishaanza kuulizia makasha.

Redio akatoa macho, kisha akili ikamrudia. Akajipenyeza mpaka kwa Mama Makasha, akainama sikioni. "Mama, hawa wananipiga picha mimi. Mgao wangu uko wapi?"

Mama Makasha akapuliza vumbi la mbao kwenye patasi yake.

"Simama vizuri, mwanangu. Mandhari haiombi mgao."