Malalamiko ya Mkwezi Aliyekutwa Juu ya Mnazi Wake

Titikaveka, Rarotonga
17 Agosti 2020

Ndugu Mkurugenzi wa Misaada kwa Waliojiajiri,

YAH: KUNYIMWA MSAADA KWA KUONEKANA JUU YA MNAZI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na umeketi. Mimi ni Teokotai Paerau, mkwezi. Kwa miaka kumi na mmoja nimekwea minazi mbele ya watalii, huku nikiimba, nikawaangulia madafu. Tangu Machi, ugonjwa ulipozuia ndege, sijaona mtalii hata wa dawa. Nikaomba msaada wenu, na yaliyonipata ni haya:

1. Fomu iliuliza jina la mwajiri. Nikaandika: Teokotai Paerau. Ikataka barua ya mwajiri kuthibitisha kwamba kazi imesimama. Nikajiandikia kwa heshima zote, nikijishukuru kwa utumishi wangu mwema. Dada wa dirishani hapo ofisini kwenu akanirudishia. "Baba, sahihi ya bosi na ya mfanyakazi zinafanana mno." Nikamwambia, "Ni watu wa karibu." Hakucheka.

2. Mkaguzi wenu, Bwana Ngametua, alikuja kuhakikisha kwamba sifanyi kazi. Alinikuta juu ya mnazi, nyuma ya jiko langu.

"Shuka! Nimekukamata kazini!"

"Siko kazini, bwana. Natafuta nazi ya mboga."

"Unakwea, hukwei?"

"Nakwea. Lakini umenisikia nikiimba?"

Mke wangu Tuaine akatoka jikoni na mwiko wake kunitetea. "Huyu akiwa kazini huvaa majani na kuchekacheka. Hebu itazame kaptula hiyo, na uso huo. Nani atoe hela yake kwa hayo?"

Mkaguzi akaitazama kaptula, akaandika: Amekutwa kazini, bila sare.

3. Ombi likakataliwa. Tangu hapo naogopa kukwea, nisije nikaandikiwa kosa la pili. Nina minazi tisa, na nazi nanunua dukani. Nikikosa hela, wanangu wanakula magimbi yasiyo na tui. Nguruwe wangu, ambaye hakuomba msaada wowote, amekonda kwa kukosa machicha. Tuaine naye ameacha kuniita kwa jina langu; siku hizi ananiita Mheshimiwa, kwa kuwa nashinda nimekaa. Hilo linaniuma kuliko fomu zenu zote.

4. Kwa hiyo naomba mnipe msaada. Ikishindikana, mniletee Bwana Ngametua kila asubuhi aniangulie nazi mbili. Yeye ni mtumishi wa serikali, akiwa juu atakuwa kazini kihalali kabisa. Akishindwa kushuka, nasikitika kwamba sitaweza kumfuata, maana nitakuwa nimevunja masharti.

Nisalimie wote hapo ofisini, hata dada wa dirishani. Salamu zangu kwa Bwana Ngametua ziwe fupi.

Wako katika kungoja,
Teokotai Paerau
(Mwajiri, na pia Mfanyakazi)

N.B. Ukiamua kuja mwenyewe, usinitafute nyumbani Jumamosi. Ni sherehe ya mjukuu wa mchungaji kukatwa nywele kwa mara ya kwanza, nami nimealikwa kukwea. Kumbe watu wa hapa walikuwa hawajawahi kuniona nikikwea kwa nyimbo! Hii ni sherehe ya tano mwezi huu, na wanalipa kuliko watalii. Ukitaka kiti cha mbele nijulishe mapema, vinawahi kujaa.