Nywila ya Bwana Tai

Jumatatu, 3 Machi
Bosi katangaza: mkuu wa mauzo anastaafu. Duka zima la samani likanitazama mimi. Kisha likamtazama Bwana Tai, mwuzaji mwenzangu, anayevaa tai hata akipanga magodoro. Nimeamua kusoma barua pepe zake, nijue anavyowavuta wateja. Si wizi. Ni utafiti.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata ukurasa mtandaoni: "Jua nywila ya mtu yeyote, bure!" Ukanitaka nizime kinga ya virusi, kisha nipakue programu. Nikazima, nikapakua. Skrini ikapepesa, basi. Rahisi ghali, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwa na kompyuta.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Akaunti yangu imenifungia nje kama mlevi. Kumbe programu ile imekomba nywila zote nilizohifadhi. Zangu mimi! Sasa mtu asiyejulikana anawaandikia watu wangu wote kwa jina langu: "Bonyeza uone picha zako." Mama mkwe kabonyeza. Kaombwa nywila, kaitoa. Anapenda picha.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi wa kompyuta kaja. Akauliza nani kazima kinga. Nikatazama feni. Bwana Tai naye akaitazama, akidhani ina hitilafu. Fundi akamsifu: nywila zake huziweka kichwani tu. Kumbe mna nafasi humo!

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe hali chakula. Kwenye akaunti yake mlikuwa na sauti ya marehemu baba mkwe, akimkumbusha achukue mwavuli. Hiyo tu, na sasa mwizi kabadili nywila, haifikiki. Mke wangu akaniambia, "Irudishe." Sikujua pa kuanzia. Akampigia Bwana Tai.

Jumapili, 9 Machi
Bwana Tai kakaa na mama mkwe kutwa nzima, wakijibu maswali ya kuirejesha akaunti. Jioni sauti ikapatikana. Tukaisikiliza sote. Nikatoka nje kidogo; vumbi liliniingia machoni. Niliporudi, mama mkwe alikuwa akimwita Bwana Tai "mwanangu". Mimi huniita "huyu".

Jumatatu, 10 Machi
Bwana Tai ndiye mkuu wa mauzo. Kanipa mkono, kaniasa nisibonyeze ovyo. Nimelichunguza kosa langu kwa utulivu: nilitumia kompyuta ya kazini. Mjinga gani hufanya hivyo? Leo nimepata ukurasa unaofundisha kusoma meseji za mkuu wako. Nimeufungua kwenye simu ya mke wangu.