Kasiksi ya Vipepeo

Jumatatu, 6 Mei 1974

Kereng'ende wa Cirhuza bado yuko kwenye vitrini ya studio ya picha, nyuma ya kioo. Bado! Nimepita nikitoka kumpima mteja suti ya abakosti, nikakuta maman mmoja amesimama pale na beseni kichwani, anasema ile picha iko muzuri sana, inabakia kuruka tu. Chini yake jina: Cirhuza, muuguzi. Muuguzi gani? Sindano zake zinaogopwa kuliko malaria. Nimeingia ndani. Mwenye studio amesema nimletee picha bora kabla ya Jumamosi jioni, na Jumatatu jina langu litakaa pale. Nitamletea kipepeo wa bluu. Kufa au kupona!

Jumatano, 8 Mei

Nimekwenda kijijini Mumosho, na kamera. Kipepeo wa bluu yupo, lakini hana adabu. Ukipiga magoti, anaondoka. Nimepiga picha ya majani, ya mawingu na ya kiatu changu. Nimeanguka ndani ya muhogo wa watu. Mwenye shamba akanifukuza na jembe.

Lakini subira huvuta heri. Njiani nimepita mahali wanapokamua ndizi za pombe ya kasiksi. Juu ya makapi, vipepeo tele! Wanakunywa, wametulia kama wazee kwenye matanga. Nimekohoa, hawakuondoka. Kumbe ni walevi! Filimu ilikuwa imekwisha, haidhuru. Dawa yao nimeipata.

Ijumaa, 10 Mei

Mama mkwe wangu, maman Euphrasie, ametengeneza kasiksi ya kuwapokea wanaokuja Jumapili kumposa shemeji yangu Agathe. Mkwe mwenye heshima hagusi mtungi wa mama mkwe wake. Najua. Kwa hiyo nimengoja aende sokoni. Nimechota kibuyu kimoja tu! Halafu kingine, maana cha kwanza nilikionja sana.

Jumamosi, 11 Mei

Salongo, kazi ya lazima ya umma. Mtaa mzima unachimba mitaro, mimi nimejificha nyuma ya kapela. Nikamwaga kasiksi chini, polepole. Nikapiga magoti, nikafumba macho nisiwatishe, nikawaita kwa sauti ndogo: karibuni wakubwa, kunyweni. Nikasikia mabawa yakija.

Papa Anaclet, katekista, akanisikia kupitia dirisha la kapela. Akapiga kelele kwamba mukristo wa Ekaristi analisha mizimu nyuma ya nyumba ya Mungu! Kelele ikamleta citoyen Bulonza, mkuu wa seli ya chama, anayewinda watoro wa salongo. Nikajua nimekwisha. Lakini yeye akavua kofia. Akasema hii ndiyo otantisite yenyewe, kurudi kwenye mila zetu, mwananchi anawakumbuka mababu wakati wengine wanasinzia juu ya jembe. Akawaita wote waje kuona. Makofi! Vigelegele! Vipepeo wote wakaruka. Nimebonyeza nikapata mguu wa citoyen Bulonza. Na Cirhuza alikuwepo, sijui tangu lini, jembe begani, kamera shingoni. Anacheka. Namchukia.

Jumapili, 12 Mei

Papa Anaclet amenitoa kwenye kwaya mpaka nitubu. Wageni wa Agathe wamekuja, mtungi ukakauka kabla babu yao hajaonja. Wameondoka bila kuposa, wamesema watarudi. Agathe analia, na mimi nimeona aibu kwelikweli. Mama mkwe hasemi nami. Amemtuma mke wangu Bibiane aniambie: kwa vile mababu wamekunywa vizuri, leo wao ndio watanipikia.

Jumatatu, 13 Mei

Watu wamejaa mbele ya studio. Kereng'ende ameondolewa! Nimejipenyeza. Kwenye vitrini niko mimi, magotini, kibuyu mkononi, macho nimefumba. Na begani kwangu, mabawa wazi, kipepeo wa bluu. Safi, hata miguu yake inaonekana. Chini yake jina: Cirhuza, muuguzi.

Nimerudi nyumbani nikilia kwa hasira. Kisha nimefikiri kama mtu mzima na nimeona kosa langu. Vibuyu vilikuwa vidogo. Kasiksi ingekuwa nyingi, vipepeo wangekuja wengi, mmoja angenikalia mbele badala ya begani.

Mama mkwe ameanza kukamua upya, wageni wanarudi Jumapili. Safari hii ni mtungi mkubwa zaidi. Kesho anakwenda sokoni.