Picha ya Kutazamwa Mara Mbili

Jumatatu, 2 Juni 1975

Sijui Mungu alinipendea nini. Watu wote wa Handeni na Korogwe wakipangwa mstari mmoja, mwenye bahati ni mimi, Kibwana. Miezi minane nilisimama mlangoni pa jumba la sinema kule Tanga nikichana tiketi, na kila picha ya kutisha iliyoingia mjini niliiona bure. Mwanzo mpaka mwisho. Mara mbili, nyingine hata tatu. Wenzangu miezi hiyo waliona mkonge tu.

Na leo bahati imenifuata mpaka kijijini. Filemoni, fundi wa mashine ya sinema wa Korogwe, amepita na Landrova yake. Jumamosi anatuonyesha picha hapa Kwamzindo. Anazo mbili garini, tuchague moja. Mwenyekiti wetu, Mzee Mbwana, akauliza kama hana ya kilimo cha mahindi. Hana. Basi akasema aitwe Ndugu Kibwana, ndiye aliyeishi na mambo hayo.

Nimesamehewa shamba la kijiji mpaka Jumamosi ili nipate nafasi ya kufikiri. Nimefikiri mchana kutwa, nimelala chali.

Habari nyingine. Dada Mwantumu amepata tarehe. Jumanne ya wiki ijayo anapasuliwa uvimbe wa tumbo hospitali ya Korogwe. Daktari anataka ndugu waje kutoa damu, bila hiyo hapasui. Dada ndiye aliyenilea tangu mama afariki. Aliuza kuku wake wote nifike darasa la tano, na si kosa la kuku kwamba niliishia hapo. Nimemwambia asihangaike, ndugu nitawaleta mimi. Akasema kumbe sasa ndiyo aanze kuhangaika.

Jumatano, 4 Juni

Nimefanikiwa. Mjomba Sadala amekubali kutoa damu, yeye na wadogo zake wawili. Sisi Wazigua mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo Mjomba hataki kusikia habari ya damu nyingine. Alisema kumtia Mwantumu damu ya upande wa baba ni sawa na kutia mafuta ya taa kwenye gari la petroli. Nikamwambia amesema kweli kabisa. Mtu akikubali jambo, humpingi sababu zake.

Jioni, vita dukani. Stefano, Msambaa anayeshika duka la kijiji, anataka tuonyeshwe ile picha nyingine ya Filemoni, ya Kihindi. Mtu analia mvuani, mwanamke anaimba, mama kipofu anapata macho. Stefano anasema picha ya kutisha ukishaiona umeiona, utatishwaje na kitu unachokijua?

Nikamhurumia. Nikamweleza, na watu wakakusanyika. Picha mbaya ya kutisha unaiona mara moja. Nzuri lazima uirudie. Iko ile ya maiti aliyerudi kudai koti lake: mara ya kwanza unamtazama maiti, mara ya pili unamtazama mjane, na unagundua yeye alijua siku zote. Iko ile ya nyumba inayokula wapangaji: mara ya kwanza unasikia makelele, mara ya pili unahesabu milango, inazidi kupungua. Na iko hii ya Filemoni, ya daktari wa Ulaya anayekamua watu damu ili mkewe asizeeke. Hiyo ndiyo mama yao. Mara ya kwanza utamwogopa daktari. Mara ya pili utamwogopa mke.

Hata Stefano alisahau kufunga sukari ya mtu.

Ijumaa, 6 Juni

Kura zilikuwa zinaelekea kwa Stefano. Akina mama wanataka nyimbo. Basi watu walipotoka kuswali nikasimama nikatangaza kwamba picha ya daktari ni kisa cha kweli. Kilitokea. Nikaapa kwa kidole. Nani ataacha kisa cha kweli akatazame watu wakikimbizana kwenye bustani?

Nimeshinda.

Tatizo dogo: kitambaa cha Filemoni cha kuonyeshea picha kimechanika. Shuka jeupe, pana, zima, kijiji kizima liko moja tu. Ni la Dada, alilonunua kwa ajili ya hospitali, maana mgonjwa anakwenda na shuka lake. Nimeliazima. Alisema likirudi na doa atanipasua yeye, bila daktari.

Jumamosi, 7 Juni

Picha imeonyeshwa. Mimi nilijitolea kuangalia jenereta, nyuma kule, kazi ya lazima sana, na jenereta halitazamwi huku umegeuza shingo. Lakini nilisikia. Mjomba Sadala ameanguka na kigoda chake. Mgambo amepiga filimbi, hajui mwenyewe alikuwa anamwita nani. Daktari alipomshika mtu wa kwanza, nusu ya watu walikuwa wameshafika makwao.

Watu wananiangalia kwa heshima.

Jumapili, 8 Juni

Heshima imepungua. Akina mama wamemwendea Mzee Mbwana: watoto hawataki kwenda chooni peke yao, na waume pia. Nikaitwa. Nikasema shida ni moja tu, watu wameiona mara moja. Dawa yake ni kuirudia. Mara ya pili moyo unazoea, unaona kwamba damu ni rangi na meno ni ya kubandika. Bahati nzuri tairi la Landrova lilikuwa limepasuka, Filemoni hana pa kwenda. Akakubali.

Kosa langu ni hili: jana watu walikimbia mapema. Leo wakajikaza, wakakaa mpaka mwisho. Na huko mwishoni, nasikia, ndiko kuna chupa. Kuna mpira unaotoka mkononi mwa mtu mpaka kwenye chupa. Kuna kitanda cha chuma. Kuna muuguzi mpole aliyevaa nguo nyeupe anayesema usiogope, haiumi.

Hakuna aliyepiga kelele. Walibeba vigoda vyao wakaondoka, hawakuniaga.

Jumatatu, 9 Juni

Mjomba Sadala alikuja asubuhi, hakutaka kuketi. Aliniuliza kama kisa kile ni cha kweli, maana mimi ndiye niliyeapa. Wazee wetu walisema mumiani, wanyonya damu, wapo, yeye alidhani ni hadithi, sasa amewaona kwa macho yake, na chupa zao.

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo niseme, Mjomba, nilidanganya. Maneno mawili tu. Nilifungua mdomo. Nikasema ni kweli, lakini ilitokea Ulaya, mbali.

Akauliza daktari wetu wa Korogwe alisomea wapi.

Nikasema Ulaya.

Mjomba akatikisa kichwa kama mtu aliyeona hesabu yake imetoka sawasawa. Akasema na shuka lile nisimpe Mwantumu alalie, yule daktari wa kwenye picha ametembea juu yake siku mbili. Saa sita mchana nikasikia yeye na wadogo zake wamekwenda Magoma kwa wakwe. Watarudi lini? Hawakusema.

Dada anafunga mzigo wake. Shuka amelitia. Sijamwambia kitu.

Jumanne, 10 Juni

Siku ya aibu. Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi.

Tumekuja na basi la kwanza, Dada na mimi. Njiani aliuliza wajomba wako wapi. Nikasema wanakuja na basi la pili. Akaangalia dirishani mpaka tulipoona mkonge wa Ngombezi. Halafu akasema, Kibwana, mimi naogopa. Dada yangu. Sijawahi kumsikia akisema neno hilo.

Hospitali, muuguzi jina lake Grasiana akauliza ndugu wa mgonjwa ni nani. Nikasema ni mimi, na damu yangu inatosha watu watatu. Akanishukuru. Akanilaza kwenye kitanda cha chuma. Nguo zake nyeupe. Chupa ikaletwa, na mpira wake. Akainama akasema kwa upole nisiogope, haiumi.

Nilimwomba ruhusa nitoke kidogo niangalie saa.

Sikumbuki kupita getini. Nakumbuka nilikuwa barabarani, mkono mmoja wa shati umekunjwa, nimesimama mbele ya duka la jumla la Korogwe, na Stefano yuko kwenye foleni ya sukari ya kijiji ananiuliza kama Mwantumu ameshapasuliwa. Nilijaribu kusema jambo la maana. Nikalia. Mtu mzima, mbele ya foleni.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Sikumficha kitu, habari ya wajomba wala ya kiapo. Akauliza swali moja: damu ya Msambaa haitakuwa mafuta ya taa? Halafu akaiacha foleni, na alikuwa wa nne. Alipita jumba la sinema akamchukua Filemoni. Wote wawili wakaingia, wakalala, wakatolewa. Filemoni alitoka anacheka, anasema chupa za kwenye picha ni kubwa zaidi. Stefano alitoka akaketi karibu yangu. Nilimnunulia chai. Akainywa yote.

Sukari ilikuwa imekwisha. Kijiji kizima kitakunywa uji usio na sukari kwa sababu yangu, na hawatajua.

Dada ameingizwa ndani saa tano.

Alhamisi, 12 Juni

Mzima. Uvimbe umetoka, mkubwa kama boga. Nilipoingia wodini alinisalimia kwa Kisambaa. Nikashika kitanda. Akacheka, huku ameshika mshono, machozi yanamtoka kwa maumivu, na bado anacheka. Kumbe Grasiana amemwambia habari ya damu, na Stefano habari ya kiapo.

Alilala juu ya lile shuka. Ameliosha mwenyewe kabla ya safari, anasema kwa picha yangu limepata vumbi tu.

Aliniuliza kwa nini sikumwambia Mjomba kwamba nilisema uongo. Nikajibu kwamba ningeaibika. Akasema kwa hiyo ulikuwa tayari nife, wewe usiaibike. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejitetea, najua kujitetea. Halafu akanisogezea uji wake, anasema hana hamu, na anajua sijala tangu jana.

Nikaunywa. Na hilo pia ni aibu.

Jumapili, 15 Juni

Kwamzindo. Mjomba Sadala amerudi kutoka Magoma, na kuku wawili wa mgonjwa. Leo kwenye mkutano wa kijiji Mzee Mbwana alitangaza kwamba Mwantumu amepona na akauliza ni nani waliotoa damu, wapongezwe. Niliazimia nimtaje Stefano. Nilisimama nikiwa na nia hiyo. Nikasema, tulitoa.

Watu wakapiga makofi. Mzee Mbwana akasema, huyu ndiye mwana wa Ujamaa. Stefano alikuwa nyuma, amekunja mikono. Hakunisahihisha. Afadhali angenipiga.

Baada ya mkutano akatokea mgeni, fundi wa mitambo ya umeme wa Hale. Amesikia habari zangu mpaka huko. Wafanyakazi wanataka kumwita Filemoni kwenye nyumba zao, lakini hawataki picha ya kupoteza usiku. Wanataka ya kutisha inayofaa kurudiwa. Nilikusudia kukataa. Nasema kweli, nilikuwa nimeshaanza kutikisa kichwa. Lakini watu walikuwa wanatazama, na Mjomba alikuwa karibu.

Nikampa ile ya nyumba inayokula wapangaji. Nikamwambia ajihadhari na wanaosema kutazama mara moja kunatosha. Mara ya pili ahesabu milango. Na nikamwambia ni kisa cha kweli.

Stefano akauliza, taratibu tu, mbele ya wote, nyumba ile mwishowe inakuwaje.

Nikakohoa. Nikasema si adabu kumharibia mgeni utamu. Watu wakasema huyo ndiye muungwana. Fundi wa Hale akanishika mkono kwa mikono miwili.

Humu daftarini Stefano hamo, basi niandike. Sijui nyumba ile mwishowe inakuwaje. Kule Tanga, taa zilipozimwa, nilikuwa natoka nje kwa muuza kahawa, nangoja watu watoke wanisimulie. Picha ya kutisha sijawahi kuitazama hata moja.